Kontena lililokosa msimu wa mabeseni: uchambuzi wa kisa cha kiwanda kidogo cha Nairobi

Kisa hiki cha kontena la malighafi lililokwama Mombasa nimekitumia mara nyingi kuwafundishia wenye viwanda vidogo, na kila mara hakosi mtu wa kuinuka na kusema, "Hiyo ni Mombasa tu. Bandari ndiyo inatumaliza." Humwomba asubiri kidogo hadi nifike kwenye picha ya WhatsApp ya tarehe 20 Novemba.

Nimeondoa jina la kiwanda, la kampuni ya meli, la ajenti na la muuzaji. Hesabu za pesa nimezisogeza kidogo juu au chini ili mtu asizitambue, ila uwiano wake ni ule ule. Tarehe nimeziacha, kwa kuwa kisa chote kimesimama juu ya tarehe.

Usuli

Kiwanda kiko Eneo la Viwanda, Nairobi, ndani ya godauni la kukodi kwenye kichochoro kinachotoka Barabara ya Lunga Lunga. Kina mashine tatu za kuyeyusha chembe za plastiki na kuzisukuma kwenye kalibu: moja ya mabeseni, moja ya ndoo na vifuniko vyake, ya tatu ya vikombe na vitu vidogo vidogo. Wafanyakazi hufika 19 biashara ikichangamka, hushuka hadi 11 ikilala. Mwenye kiwanda ni mwanamke wa makamo. Wafanyakazi wote humwita Madam, nami nitamwita hivyo hivyo.

Zamani Madam alikuwa akitengeneza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Marufuku ya mifuko hiyo ilipoanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017, alibaki na mashine zisizo na kazi na deni la benki. Mashine akaziuza kwa bei ya chuma chakavu, biashara ya zamani akaifunga, na aliposimama tena alisajili kampuni mpya yenye jina jipya na PIN mpya ya kodi, akaanza na mashine moja ya mabeseni. Msomaji aweke jambo hili akilini. Linaonekana kama historia tu ya mtu aliyeanguka akainuka, lakini ndimo mzizi wa kisa ulimo.

Hadi mwaka 2023 alikuwa akinunua chembe hapa hapa Nairobi kutoka kwa waagizaji wakubwa, tani mbili leo, tani tatu wiki ijayo, kwa bei yao. Mwaka huo aliamua kuagiza mwenyewe kwa mara ya kwanza: kontena moja la futi 40, chembe za polipropilini kutoka Saudi Arabia, mifuko 990 ya kilo 25, yaani tani 24.75. Bei ilikuwa dola 26,000 hadi Mombasa, pamoja na nauli ya meli na bima. Muuzaji alikuwa mtu aliyewahi kumuuzia malighafi ya mifuko enzi zile. Walifahamiana, na Madam aliona hilo ni jambo jema.

Lengo lilikuwa msimu wa Januari. Orodha ya vitu vya mwanafunzi wa bweni anayeingia kidato cha kwanza haikosi beseni na ndoo, na maduka ya jumla ya Kamukunji na Muthurwa huanza kujaza stoo mapema Desemba. Anayeuza mabeseni Nairobi hufanya katika wiki sita hizo kazi ambayo miezi mingine minne haiifikii.

Neno moja kuhusu njia. Mzigo ukishashuka Mombasa, huja Nairobi kwa lori au kwa reli ya SGR, ambayo ilianza kubeba mizigo Januari 2018 na kuishia kwenye bandari kavu ya Embakasi, yaani kituo cha kontena kilicho bara. Mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo ya kuja huku ipande treni. Mombasa ikawaka moto kwa maandamano. Mahakama Kuu ikaamua Novemba 2020 kwamba amri ile ilikwenda kinyume cha Katiba. Na Septemba 2022 rais mpya, siku ya kuapishwa kwake, akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Kwa hiyo mwishoni mwa 2023 mwagizaji alikuwa huru kuchagua. Madam hakujua kwamba kuna kitu cha kuchagua, wala kwamba huchaguliwa mapema, hati ya meli inapoandikwa.

Kilichotokea

Tarehe 17 Oktoba 2023 Madam alilipa asilimia 30 ya bei, dola 7,800. Dola ilikuwa karibu shilingi 150.

Tarehe 20 Novemba, jioni, muuzaji alimtumia kwa WhatsApp picha ya rasimu ya hati ya shehena, ile ambayo maajenti huiita BL tu. Kampuni ya meli hutoa rasimu kwanza ili mwenye mzigo aikague kabla ya hati yenyewe kuandikwa. Madam alikuwa ndani ya matatu kwenye Barabara ya Jogoo, mvua za El Niño zikinyesha, foleni haisogei. Nimeiona picha hiyo kwenye simu yake: ukurasa mzima umebanwa ukawa mdogo kama stempu. Aliukuza mahali pawili tu, kwenye idadi ya mifuko na kwenye uzito, maana hofu yake kubwa ilikuwa kupunjwa. Mifuko 990, sawa. Uzito, sawa. Akajibu kwa kidole gumba.

Mahali pawili ambapo hakupakuza palikuwa na mambo haya. Kwenye nafasi ya mpokeaji liliandikwa jina la biashara ya zamani, ile ya mifuko, kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye daftari la muuzaji tangu kabla ya 2017. Na kwenye nafasi ya mahali pa kukabidhi mzigo hapakuandikwa kitu, maana yake mzigo unaishia Mombasa.

Meli iliondoka mwisho wa Novemba. Kwa makubaliano, asilimia 70 iliyobaki, yaani dola 18,200, ilitakiwa kulipwa mara tu nakala ya hati inapotoka. Madam hakulipa. Dola ilikuwa inapanda kila wiki, benki yake ilikuwa inamuuzia juu ya kiwango kilichotangazwa, na jirani yake wa godauni, mtu wa vyuma, alimwambia kwamba Krismasi ikipita itashuka. Akaamua kungoja.

Kontena lilishushwa Mombasa Jumatano, tarehe 20 Desemba. Ajenti wa forodha alikuwa amepatikana siku mbili tu kabla, kwa kuelekezwa na rafiki. Alhamisi asubuhi ajenti alifungua mfumo ili aingize tamko la mzigo, na dakika kumi baadaye akapiga simu. "Madam, jina lililo kwenye manifesti silo la PIN yako. Hapa mimi sina pa kushika."

Hakutia chumvi. Mfumo wa forodha hulinganisha mpokeaji aliyetajwa kwenye manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, na PIN ya anayetoa tamko. Visipolingana, tamko haliingii, wala mzigo hautembei. Kurekebisha kunawezekana na hufanyika kila siku, lakini kuna ngazi zake: barua ya muuzaji kuthibitisha mpokeaji halisi, ombi la kampuni ya meli, kisha kibali cha forodha. Madam akamwandikia muuzaji kuomba barua. Jibu lilikuja na heshima zake zote: barua ipo tayari, tafadhali kwanza maliza malipo.

Hapo ndipo makosa mawili yaliyokuwa mbali mbali yaliposhikana mikono. Jina lisingerekebishwa bila barua, barua isingetoka bila dola, na dola Madam alikuwa akiingojea ishuke. Tarehe 24 Desemba siku nne za bure za kukaa bandarini zikaisha. Kesho yake ilikuwa Krismasi.

Tarehe 27 Desemba, mezani

Mimi niliitwa siku hiyo. Nilimkuta Madam ofisini, chumba cha mbao kilichojengwa juu ya ngazi ndani ya godauni, mezani kikokotoo, chupa ya chai, na beseni la samawati lililojaa risiti. Chini mashine mbili zilikuwa zinanguruma, ya tatu kimya. Msimamizi wa uzalishaji alisema chembe zilizobaki ni za siku mbili.

Jambo la kwanza lilikuwa malipo. Madam alishikilia kungoja dola. Tukafanya hesabu nyuma ya risiti. Dola ikishuka kwa shilingi moja, yeye angeokoa shilingi 18,200 kwenye salio lake. Kontena nalo lilikuwa linakula karibu shilingi 14,000 kila siku kwa tozo la hifadhi, na tangu siku ya 11 dimareji, yaani tozo la kampuni ya meli kwa kukawia na kontena lake, ingeanza, jumla ipite 20,000. Kwa hiyo ili kungoja kulipe, dola ingepaswa kushuka zaidi ya shilingi moja kila siku, siku zote, na wakati huo ilikuwa ikipanda. Madam aliitazama ile risiti kwa muda mrefu. Kesho yake alikwenda benki. Alilipa kwa kuchota pesa alizokuwa amezitenga kwa ajili ya kodi za mzigo, na baadaye pengo hilo akaliziba kwa mkopo wa chama chake cha akiba.

Jambo la pili lilikuwa mashine. Kuzizima katikati ya msimu au kununua chembe kwa jirani? Mwagizaji mmoja mkubwa alikuwa anauza kwa shilingi 215 kwa kilo, ilhali za Madam zingemfikia kwa 180 hivi bila VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Msimamizi alitaka tani nane. Mimi nilisema nne, zitoshe oda zilizokwisha kulipiwa arbuni, basi. Tukanunua nne.

Kurekebisha jina

Pesa zilimfikia muuzaji tarehe 2 Januari, barua ikaja tarehe 3, kampuni ya meli ikawasilisha ombi tarehe 4, kibali kikatoka Jumatatu tarehe 8. Si mwendo mbaya ukizingatia sikukuu. Ajenti aliingiza tamko tarehe 9, siku ya 20 tangu kushushwa kwa mzigo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa siku 21 za kutoa tamko. Zikipita, mzigo unaweza kupelekwa kwenye ghala la forodha, na ukikaa huko siku 30 bila kutolewa unatangazwa, kisha baada ya siku 30 nyingine unaweza kunadiwa. Madam hakuwa karibu na mnada, lakini alibakiza siku moja tu kuingia kwenye njia inayoelekea huko.

Kodi zililipwa tarehe 10. Ushuru wa forodha kwa malighafi hii ulikuwa asilimia sifuri, jambo ambalo wengi hulisikia wakadhani mzigo unaingia bure. Kulikuwa na ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, tozo la reli asilimia 1.5, na VAT asilimia 16. Kwa dola ya 158 hivi, jumla ilikaribia shilingi 822,000, na 657,000 kati ya hizo ni VAT, ambayo kiwanda kilichosajiliwa huidai kwa kuipunguza kwenye VAT ya mauzo yake. Huidai baadaye, kuilipa ni leo.

Sasa njia. SGR hadi Embakasi au lori moja kwa moja? Nauli ya treni kwa macho ilikuwa nafuu. Lakini hati iliishia Mombasa, kwa hiyo kontena tupu lilitakiwa kurudishwa Mombasa. Kwa treni angelipa treni, alipe kushusha na kupakia Embakasi, alipe lori la kutoka Embakasi hadi godauni, kisha atafute namna nyingine ya kulirudisha tupu pwani, dimareji ikihesabu. Kwa lori, gari lililoleta mzigo ndilo lingerudi na tupu. Tulichagua lori, na sijajuta. Likatoka bandarini Jumamosi, tarehe 13.

Siku ya kupakua

Lori lilipita Mlolongo asubuhi ya Jumatatu, tarehe 15 Januari 2024. Siku hiyo hiyo wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wameanza kuripoti shuleni. Dereva alipofika alituambia, bila kujua anatuchoma, "Leo njiani ni masanduku na mabeseni tu juu ya mabasi."

Kisha trela likashindwa kuingia. Pale kichochoro kinapokata kona pana mlingoti wa stima, na gari la futi 40 haliwezi kupinda bila kuugonga. Dereva alijaribu mara tatu, utingo akipiga mabati ya ubavu kwa kiganja, akafunga breki. Mlingoti ule nilikuwa nimeupita mara kadhaa kwa miguu. Sikuwahi kuuliza.

Basi gari likaegeshwa barabarani, mita mia mbili kutoka lango. Karani wa ajenti alisoma namba ya lakiri, kile kifungo cha mlango wa kontena, kwa sauti, Madam akaifuata kwenye hati kwa ncha ya kalamu, tarakimu kwa tarakimu, ndipo ikakatwa kwa mkasi wa chuma. Milango ilipofunguka mifuko ilikuwa imepangwa hadi juu, myeupe, ina vumbi jepesi la safari. Tukatafuta mikokoteni sita. Kila mmoja ulibeba mifuko 12, kilo 300, na kila ulipopita langoni binti wa stoo alichora mstari wa chaki kwenye bati, mistari minne na wa tano kuikata. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa na mifuko 640. Iliyobaki ililala ndani ya kontena, na walinzi wawili wa kukodi wakalala chini yake.

Tulimaliza Jumanne saa saba mchana. Mifuko 990, mitatu imepasuka. Chembe zilizomwagika zilikuwa zimetapakaa barabarani kama mchele wa arusi; vijana walizifagia, wakazipepeta kokoto, wakazirudisha kwenye gunia. Ndani ya kontena hakuna aliyefagia. Lilipofika Mombasa tarehe 18, yadi ikaandika kwamba sakafu ni chafu, mifereji yake imejaa chembe na gundi ya kufungia, ikatoza ada ya usafi.

Hesabu ya mwisho

Tozo la hifadhi la siku 20 lilikuwa dola 1,840, kama shilingi 293,000. Dimareji ya siku 19 kwa dola 40 kila siku ilikuwa dola 760, kama 121,000. Kurekebisha manifesti, pamoja na ada za kampuni ya meli, 25,000. Mikokoteni, walinzi na lori kulala usiku mmoja, 42,000. Usafi wa kontena, 8,000. Nyongeza ya bei kwenye tani nne zilizonunuliwa Nairobi, 140,000. Jumla ni shilingi 629,000. Faida ambayo Madam alitarajia kwenye mzigo mzima ilikuwa 550,000.

Hiyo ni hasara iliyo na risiti. Tani nne ziliisha tarehe 9 Januari. Kuanzia hapo hadi tarehe 16 mashine mbili zilikaa kimya na simu za Kamukunji zikawa zinaita bila kupokelewa, kwa sababu hakukuwa na la kusema. Februari serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile iliyokuwa inaiva Juni, na shilingi ikapata nguvu ghafla. Dola iliyopita 160 mwishoni mwa Januari ilikuwa kama 130 kufikia mwanzo wa Aprili. Washindani wa Madam wakaanza kuleta chembe za bei rahisi wakati yeye bado ana godauni la chembe za bei ghali. Sehemu hii siihesabu kuwa kosa la mtu.

Uchambuzi

Madam, na karibu kila ninayemsimulia kisa hiki, hutaka kuanzia bandarini. Nimepitia siku zile moja moja. Tangu tamko lilipoingia hadi kontena lilipotoka zilipita siku nne. Siku zote nyingine kontena lilikuwa limekaa likingoja karatasi ambazo zingekuwa sawa kama rasimu ingesomwa tarehe 20 Novemba. Siku ile kurekebisha jina kungekuwa ujumbe mmoja wa WhatsApp usio na malipo. Baada ya meli kufika, kosa lile lile liligharimu barua, maombi, faini na wiki tatu. Hii ndiyo sababu ya kuigeuza rasimu ya hati ya shehena kuwa kazi ya mezani: ichapwe kwenye karatasi, isomwe na watu wawili, na mmoja wao awe ajenti. Ajenti wa Madam, mtu makini kabisa, aliajiriwa siku mbili kabla ya meli kufika. Angeajiriwa mwezi mmoja mapema kwa pesa zile zile, jina lile lisingempita.

Mstari uliobaki mtupu ni hadithi nyingine. Kama pangeandikwa Nairobi kwenye mahali pa kukabidhi, kampuni ya meli ingewajibika na mzigo hadi Embakasi kwa hati moja, na tupu lingerudishwa huku huku. Sisemi kwamba hiyo huwa nafuu siku zote. Wapo waagizaji wanaopenda hati inayoishia Mombasa kwa kuwa wana malori yao na wanajuana na yadi za huko. Lakini mwenye kiwanda kilicho kilomita chache kutoka Embakasi, asiye na lori hata moja, asiye na mtu wa kudumu pwani, anapaswa kuulizwa anataka nini. Madam hakuulizwa na mtu, na muuzaji wa Ghuba hana sababu ya kujua kwamba Nairobi ina bandari kavu yake tangu 1984.

Kuhusu dola, wengi husema alikosea kwa kuwa ilipanda. Hapana. Angekosea hata kama ingeshuka. Salio lake lilikuwa limefungwa kwenye mlango wa kontena, na kila alipokuwa anacheza na dola alikuwa anacheza na mlango. Ukitaka kubahatisha na sarafu, bahatisha na pesa ambazo hakuna kitu kinazingoja. Niliwahi kuulizwa darasani: je, kama angengoja hadi Februari dola ianguke? Kodi na salio vingepungua, ndiyo, lakini hifadhi na dimareji za wiki zote hizo zingekula nafuu yote na zaidi, mzigo ungekuwa umeshavuka siku 21, na godauni lingekuwa halina chembe hata moja.

Kilichofaa ni vichache lakini vina uzito. Ile hesabu ya nyuma ya risiti ilimtoa Madam kwenye mabishano ya "itapanda, itashuka" ikamweka kwenye shilingi kwa siku. Uamuzi wa lori ulifuata kontena tupu badala ya kufuata nauli, na ndivyo unavyopaswa kufuatwa. Na ile desturi ya kusoma lakiri kwa sauti na kuchora chaki langoni ni ya zamani, haina teknolojia yoyote, na kati ya mifuko 990 haikupotea hata mmoja katika siku mbili za kuisukuma barabarani.

Makosa yangu ni mawili. La mlingoti nimekwisha kulisema. Niliketi ofisini siku nzima nikipanga njia ya kilomita karibu 480 nikasahau mita mia mbili za mwisho. La pili ni zile tani nne. Nilikazia macho shilingi 35 za nyongeza kwa kila kilo nikaona ni hasara, wakati bidhaa iliyokamilika ilikuwa inauzwa kwa bei ambayo hata chembe za 215 zingeacha faida, ndogo lakini faida. Msimamizi aliyetaka tani nane alikuwa anaona rafu za Kamukunji. Mimi nilikuwa naona risiti. Nilimwambia hivyo mbele ya Madam, Machi, akacheka, akasema yeye alishasahau. Hakuwa amesahau.

Baadaye

Amana ya kontena, ile pesa inayowekwa kwa kampuni ya meli hadi tupu lirudi, ilirudishwa Aprili, baada ya barua tatu, ikiwa imekatwa dimareji na ada ya usafi. Mkopo wa chama ulimalizika Juni.

Agosti 2024 Madam aliagiza tena kwa muuzaji yule yule, na safari hii aliomba kontena mbili za futi 20. Rasimu ilipokuja aliichapisha kwenye saiba iliyo chini ya godauni, akaweka rula chini ya kila mstari, akamsomea ajenti kwenye simu: jina, PIN, mahali pa kukabidhi, Nairobi. Aliirudisha mara mbili. Mara ya kwanza PIN ilikuwa imekosa herufi ya mwisho. Mara ya pili muuzaji alikuwa amerekebisha PIN na kurudisha jina la zamani.

Rasimu ya tatu ilikaa mezani usiku kucha, na ilijibiwa asubuhi, kwa maneno.